Cheti Kitupu cha Mama Sakhr

Irbid, 25 Januari 1996

Bi Itidal,

Ramadhani njema. Najua ukiona mwandiko wangu juu ya bahasha utasema, "Huyu Munif anataka nini tena?" Nataka, na safari hii nataka kubwa.

Juzi ulinirudishia cheti cha dawa cha mwanafunzi wangu mmoja, pembeni umeandika kwa wino mwekundu: "Huyu anatibu mgonjwa au anatia shamba mbolea?" Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia. Vijana wangu wa mwaka wa tano wanang'oa gego lililopinda bila kutoka jasho, lakini wape kalamu waandike dawa, utadhani wameambiwa waandike wosia wao. Majina ya dawa wanayo, vipimo wanavyo. Wanachokosa ni mtu. Mgonjwa wa kwenye mtihani hanuni, hasahau, wala hana mkwe wa kumwambia kila kidonge ni sumu.

Kwa hiyo nimebuni jambo. Kila mwanafunzi atapewa mgonjwa wa barua. Wewe na wafamasia wengine wachache mtaandika kama wagonjwa, na mwanafunzi atajibu kwa cheti pamoja na maelezo ambayo mtu wa kawaida atayaelewa. Hawatajua nyinyi ni nani, watakuwa na sanduku la posta tu. Hakuna simu, hakuna kuonana. Mwisho wa muhula wewe ndiye utakayesema amefaulu au ameanguka.

Wako nimemchagua mwenyewe. Anaitwa Rudaina, mtu wa Tafila. Ana mkono mwepesi kuliko wangu nilipokuwa rika lake. Mwaka jana, kwenye mtihani wa kuandika dawa, alikaa mpaka kengele ikalia, akarudisha cheti kitupu. Si kwamba hajui, anaogopa. Chuo kimempa nafasi ya pili na hakitoi ya tatu. Akirudisha cheti kitupu tena, udaktari wake umeishia hapo.

Usimwonee huruma, lakini pia usimuue.

Munif


As-Salt, 29 Januari 1996

Daktari Munif,

"Usimuue"! Miaka yote hii nasimama nyuma ya kaunta kuzuia nyinyi msiue watu, leo mimi ndiye wa kuonywa.

Haya, nimekubali. Nitakuwa Mama Sakhr, mjane wa mtaa wa juu, anayeshinda nyumbani na redio yake, mwanamke anayempima daktari kwa urefu wa cheti. Wa namna hiyo wananijia kila siku. "Dawa moja tu, Bi Itidal? Kwani mimi paka?" Maumivu ya kumwazima sitayatafuta mbali, hapa hayakosekani.

Lakini tuelewane. Akinirudishia karatasi tupu nitaandika "ameanguka," na usingizi nitaupata vilevile. Daktari anayeogopa kalamu ataniletea wagonjwa wanaolia, na mimi ndiye nitakayewabembeleza.

Itidal


As-Salt, 1 Februari 1996

Kwa daktari binti,

Mimi ni Mama Sakhr. Nimeambiwa unasomea meno na unatafuta mgonjwa. Basi umepata, na Mungu akusaidie.

Gego langu la juu kulia limevunjika na shavu limevimba, watoto wa jirani wananiita nusu tikiti. Nashinda nyumbani, na redio ndiyo inayoniliwaza. Nina presha, nanywa kidonge cheupe kila siku, jina lake usiniulize. Naomba sindano, na dawa zisipungue aina tatu. Mama Nayif wa mlango wa pili alipewa nne, na ugonjwa wake haufiki robo ya wangu.

Mama Sakhr


Irbid, 5 Februari 1996

Mama Sakhr mpendwa,

Pole sana. Cheti hiki hapa. Nimekichana mara nyingi kabla ya hiki, usishangae ukiona mkono umetetemeka.

Nimekuandikia antibayotiki na dawa ya kutuliza maumivu, zote mara tatu kwa siku baada ya chakula. Sindano huhitaji. Ukiona uvimbe unashuka shingoni au unashindwa kumeza, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Mwanafunzi wako,
Rudaina


As-Salt, 9 Februari 1996

Daktari binti,

Umetaka kuniua au ni bahati mbaya?

Umesema mara tatu baada ya chakula. Mwanangu, huu ni mwezi gani? Kwani huko Irbid mnafunga nini, milango? Mimi chakula changu ni futari. Nimefuturu, nimekula na katayefu tamu za kukaanga za mke wa Nayif, nikameza vyote vya siku nzima kwa pamoja kama ulivyoagiza. Tumbo limewaka moto mpaka daku. Halafu yule mwenye duka la dawa, mwanamke mkali lakini anajua kazi, akaniambia dawa yako ya maumivu inagombana na kidonge changu cha presha. Je, uliniuliza nakunywa kidonge gani? Nilikuambia usiniulize, ukatii! Daktari gani anayemtii mgonjwa?

Lakini umeandika. Hilo nalo nimeliona.

Mama Sakhr


Irbid, 12 Februari 1996

Mama Sakhr,

Nimeisoma barua yako nimesimama, halafu nikakaa chini nikalia kidogo, halafu nikacheka kwa lile la milango. Mimi mwenyewe nimefunga, nimekiandika cheti kile nikisubiri adhana, na bado mwezi haukunijia kichwani. Nilikiandikia kitabu, sikukuandikia wewe.

Cheti kipya hiki. Dawa ya maumivu nimebadilisha, hii haina ugomvi na presha. Antibayotiki utakunywa kimoja kwenye futari, kimoja ukienda kulala, kimoja kwenye daku. Ukizidiwa, kula, mgonjwa ameruhusiwa, utalipa baadaye. Na safari hii sikutii: soma jina lililoandikwa kwenye paketi ya kile kidonge cheupe uniletee. Jino lenyewe lazima litolewe, maana dawa inazima moto tu, kuni zimebaki pale pale.

Naomba nikuambie kwa nini ninaogopa. Jino ninaliona. Nikikosea, damu inatoka mbele yangu na mkono wangu uko pale pale kuizuia. Dawa inaondoka na mtu mpaka nyumbani kwake, ndani ya giza la tumbo lake, na mimi sipo.

Rudaina


As-Salt, 27 Februari 1996

Daktari Rudaina,

Idi imepita salama, uvimbe umekwisha, na lile gego nimeng'olewa. Kwa hilo umeshinda. Sasa nina jingine, maana mwili wa mjane haupumziki.

Linauma chini, kushoto, taya lote mpaka karibu na sikio. Linakuja na kuondoka. Halipigi kama la kwanza, hili linabana, kana kwamba mtu amenishika kidevu ananigombeza. Kabla hujanikaripia: nimeshakunywa antibayotiki, na dawa za maumivu za rangi mbili. Hakuna kilichosaidia. Kwa hiyo nataka kitu kikali. Usiniandikie maji.

Mama Sakhr


Irbid, 3 Machi 1996

Mama Sakhr,

Sikuandikii chochote kabla hujanijibu. Ni jino gani hasa linalouma? Je, maji baridi yanaliamsha, au kutafuna? Linakuja wakati gani, ukiwa unafanya nini? Na nini hulituliza?

Najua unapenda kunificha. Usinifiche hili.

Rudaina


As-Salt, 8 Machi 1996

Daktari wa maswali,

Polisi wa trafiki hana maswali kama wewe.

Ni jino gani? Ndilo jambo la ajabu, kushoto chini sina magego, yaling'olewa zamani. Nadhani kuna mzizi uliobaki. Maji baridi hayalifanyi kitu. Lozi mbichi zimeingia sokoni, nazitafuna na chumvi upande wa kulia, wala haliniulizi. Linakuja nikipanda ngazi za mtaa wetu, hasa upepo ukiwa baridi. Nikikaa kwenye kizingiti cha Mama Nayif nikavuta pumzi, linaondoka lenyewe. Jana nilifunga duka, nikapanda na mfuko wa machungwa, nikalazimika kukaa mara mbili, mkono wa kushoto nao umekufa ganzi kwa ule mfuko. Nikashuka tena nikachukua kidonge kingine kwenye rafu.

Haya. Umeuliza na umejibiwa. Cheti changu kiko wapi?

Mama Sakhr


Irbid, 12 Machi 1996

Kwa wewe unayeandika kwa jina la Mama Sakhr,

Barua hii sikuitia posta, nimempa dereva wa basi la As-Salt na kumwapisha aulize posta na kuifikisha leo kwa mwenye sanduku hili. Sina jina lako wala namba ya simu, na nikienda kumwomba Daktari Munif nitamkosa, amesafiri Aqaba mpaka kesho.

Mama Sakhr hana duka. Mama Sakhr ni mjane anayeshinda nyumbani na redio, uliniambia mwenyewe alipoumwa lile jino la kwanza kwamba redio ndiyo iliyomliwaza. Mama Sakhr hana rafu ya dawa ya kushukia. Mwenye duka na rafu ni wewe. Kwa hiyo ngazi ni zako, na taya ni lako.

Ndani ya bahasha kuna cheti. Nimeandika tarehe na sahihi yangu tu. Sehemu ya dawa nimeiacha tupu.

Safari hii mkono haukutetemeka. Maumivu ya taya yanayokuja mtu akipanda ngazi na kuondoka akikaa, mahali pasipo na jino, pamoja na mkono wa kushoto, hayo si ya jino. Ni moyo unaolia kupitia tayani. Ningekuandikia kitu kikali, maumivu yangezibwa mdomo na ungeendelea kupanda. Nenda hospitali ya moyo leo, usisubiri kesho. Usipande ngazi kwanza. Maumivu yakija, kaa chini. Yakikataa kuondoka hata baada ya kukaa, usiguse rafu yako, piga kelele watu wakuletee gari.

Huenda nimekosea, na huenda umenitega tu kwenye mtihani. Kama ni mtego, nicheke, na unipe alama unayotaka. Ninajua cheti kitupu maana yake nini kwangu. Nakuomba tu uende.

Rudaina


As-Salt, 13 Machi 1996

Daktari Munif,

Umerudi Aqaba? Umekula samaki? Vizuri, maana nina la kukuharibia tumbo.

Binti yako amerudisha cheti kitupu. Na si hilo tu, amevunja mchezo. Ameacha kumwandikia Mama Sakhr, ameniandikia mimi, eti moyo wangu mgonjwa. Mimi! Mimi ninayewapimia presha nusu ya mji huu! Nilimwazima Mama Sakhr jino langu moja linalonisumbua, kwa ajili ya kunogesha hadithi, naye ananisomea hukumu. Nikionekana mlangoni kwa daktari wa moyo leo, kesho As-Salt nzima inanunua dawa kwa yule kijana wa mtaa wa chini, wakisema Itidal anakufa.

Kanuni uliziweka wewe. Kitupu ni kitupu. Nimeandika "ameanguka" na karatasi ya alama nimeitia ndani ya bahasha hii. Sasa nafunga duka, nitapanda ngazi zote mpaka nyumbani kwangu bila kukaa, nimwonyeshe.

Itidal


Irbid, 17 Machi 1996

Bi Itidal,

Bahasha yako nimeipata leo asubuhi, na Rudaina ameniletea nakala ya barua yake. Karatasi ya alama ilikuwa na anwani ya baraza la chuo, karani aliyefungua bahasha jana ameshaifikisha huko. Wamempa taarifa, na kikao chao ni mwisho wa mwezi.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya baraza. Nimekupigia simu tangu asubuhi, nyumbani na dukani. Hakuna anayepokea. Yule kijana wa mtaa wa chini ameniambia mlango wako wa chuma umefungwa tangu Jumatano na hajui uko wapi.

Bi Itidal, yule binti alikuomba jambo moja tu na mimi umenijibu kwa mzaha. Nimetia mafuta gari. Ukiipata barua hii kabla sijafika, nitukane, nitafurahi.

Munif


Irbid, 20 Machi 1996

Kwa mwenye sanduku la posta, As-Salt,

Nimeambiwa nimeanguka. Mama amesema nirudi Tafila nikapumzike, lakini nguo sijafungasha, kila bahasha ikija hosteli nashuka mbio. Daktari Munif aliondoka na gari lake, hajarudi wala hajaniambia kitu.

Siombi alama. Kama umekasirika, kasirika. Ila niandikie hata neno moja, hata tusi, nijue ulikaa chini ulipotakiwa ukae.

Rudaina


Amman, hospitalini, 26 Machi 1996

Rudaina binti yangu,

Mimi naitwa Itidal, mfamasia, sina mume wala Sakhr. Neno moja umeomba, utapata mengi, maana hapa wamekataza kila kitu isipokuwa kalamu.

Siku ile nilipanda kwa hasira. Barua yako ilikuwa kwenye mfuko wa koti, na njia nzima nilikuwa nakujibu kwa sauti. "Moyo unaolia! Mshairi huyo!" Taya likaanza kubana nikiwa sijafika hata kwa mwokaji mikate. Nikasema sikai. Nikaenda. Likabana mpaka machozi yakatoka, na mkono ukawa si wangu. Mbele ya mlango wa Mama Nayif miguu ikanikalisha bila kuniuliza. Kweli yupo Mama Nayif, huyo sikumbuni.

Akatoka na bilauri ya chai ya majani ya maramia. "Bi Itidal! Umekuwa mweupe kama jibini! Ni lile jino?"

"Ni jino," nikamwambia. "Litaondoka sasa hivi."

Halikuondoka. Nilikaa, nikavuta pumzi, halikuondoka. Mama Nayif akasema, "Nikushukie dukani? Niambie rafu ipi, nikuletee kitu." Binti yangu, nilifungua mdomo nimwambie rafu ipi. Nilikuwa na jina la dawa kwenye ulimi. Na hapo nikayaona maneno yako, usiguse rafu yako. Nikasema, "Mama Nayif, niitie watu. Niletee gari." Nikalia, kwa hofu tupu, mbele ya mtaa mzima, mimi Itidal.

Nayif na vijana walinishusha ngazi zile kwenye kiti cha plastiki, wakibishana njia nzima nani ameshika vibaya. Nusu ya mji imeniona, na hakuna aliyehamia kwa kijana wa mtaa wa chini. Wananiletea wali na nyama mpaka wauguzi wamenenepa.

Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umebaki na njia ya kupita uzi. Wameupanua. Daktari aliuliza nani amenileta mapema hivi, maana wengi wenye maumivu ya taya huletwa wakiwa wamekwisha. Nikamwambia ni daktari wangu wa meno. Akacheka. Mimi sikucheka.

Munif alikuja hapa na maua mabaya sana. Alikaa kwenye kiti, akaniambia, "Mwaka jana alikiacha kitupu kwa sababu aliogopa. Safari hii aliogopa vilevile, akakiacha kitupu kwa sababu alijua." Nikamwambia asinifundishe, nilishayajua hayo nikiwa kwenye kiti cha plastiki.

Sasa sikia. Karatasi ya alama ya kwanza nimeifuta kwa barua yangu kwa baraza, na nimeisaini mbele ya Munif. Lakini baraza lile nalijua, watakaa na kunyonya kalamu waseme, "Dawa iko wapi? Tutampaje alama mtu ambaye hakuandika dawa?" Kwa hiyo nimemtuma Nayif dukani kwangu akaniletee muhuri.

Tangu nifungue duka, cheti hakipati muhuri ule mpaka niwe nimekisoma, nimekikubali, na dawa imefika mkononi mwa mgonjwa. Sijawahi kuugonga juu ya cheti nisichokiamini, wala cha daktari mkubwa wala cha ndugu. Leo nimekiweka cheti chako juu ya meza ya chakula ya hospitali, chenye tarehe na sahihi yako, na katikati peupe. Nimeugonga hapo hapo kwenye weupe, kwa mkono wa kushoto, ule uliokuwa umekufa ganzi, wasije wakasema haujapona.

Munif amekipeleka barazani leo hii. Nakala hii hapa, itundike ukutani siku utakapofungua kliniki yako. Wino umetapakaa kidogo lakini unasomeka: DAWA IMETOLEWA.

Itidal,
ambaye ni Mama Sakhr